Sola Nyumbani: Anza na Karatasi, Paneli Baadaye

Watu wengi wanaofunga sola huanzia dukani. Wanauliza bei ya paneli, wanachukua kubwa kuliko zote wanazoweza kulipia, kisha betri na vifaa vingine vinatafutwa kwa fedha iliyobaki. Baada ya mwaka mmoja au miwili taa zinaanza kuzimika saa tatu usiku, betri inalaumiwa, jua linalaumiwa, na mwishowe paneli inabaki juu ya bati bila kazi huku wenye nyumba wamerudi kwenye tochi. Jua la Tanzania halina kosa. Nchi yetu iko karibu yote kati ya nyuzi 1 na 12 kusini mwa ikweta, na mikoa ya kati kama Dodoma na Singida ni miongoni mwa sehemu zinazopata jua jingi zaidi. Kosa huwa ni hesabu ambayo haikufanywa, nayo haidai elimu zaidi ya kuzidisha na kugawanya.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida: taa, simu, televisheni, redio, pengine na friji ndogo. Nimeuandika kwa ajili ya mtu atakayemwita fundi lakini hataki kumkabidhi fundi kila uamuzi.

Kwanza ujiulize kama una umeme wa TANESCO. Kama unao na uko daraja la D1, yaani matumizi madogo ya nyumbani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, unalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mfumo nitakaoupigia hesabu hapa chini unakupa kama uniti 20 kwa mwezi. Kwa bei ya D1 hizo ni shilingi 2,000. Usidanganywe na mtu anayekuambia sola ya nyumbani itakurudishia fedha kwa kuokoa LUKU. Kwa mteja wa D1 hairudishi. Kwako sola ni ya siku umeme unapokatika, na mfumo mdogo wa taa, simu na televisheni unatosha. Asiye na TANESCO ndiye hasa anayehitaji kusoma kila mstari, kwa sababu yeye akikosea hana pa kukimbilia.

Karatasi ya matumizi

Chukua karatasi, andika kila kifaa kitakachotumia umeme, wati zake, na saa zake kwa siku. Wati huandikwa nyuma ya kifaa au kwenye adapta yake. Zidisha wati kwa saa, utapata wati-saa. Wati-saa 1,000 ndiyo uniti moja unayoijua kwenye LUKU.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu kijijini, upande wa Kondoa. Sebuleni kuna taa ya LED ya wati 7 inayowaka saa 5: wati-saa 35. Jikoni taa kama hiyo saa 4: 28. Vyumba vitatu vyenye taa za wati 5, saa 2 kila kimoja: 30. Taa ya nje ya wati 5 inayokesha saa 11: 55. Ona hapo, taa moja ndogo ya nje inakula kuliko taa kubwa ya sebuleni, kwa sababu ya saa zake. Jumla ya taa ni 148. Simu nne tuzipe 80. Televisheni ya inchi 32 ya wati 40 pamoja na king'amuzi cha wati 10, saa 5: 250. Subufa ya wati 20 kwa saa 3: 60. Jumla imefika 538.

Bado kuna mlaji mmoja ambaye wengi hawamwandiki, naye ni inveta yenyewe, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani. Inveta ikiwashwa inakula umeme hata kama hakuna kilichochomekwa. Ndogo inaweza kula wati 10 au 12. Ukiiwasha saa 6 kwa siku ni wati-saa 72. Ukiisahau ikakesha na kushinda, inakaribia 290, zaidi ya televisheni na king'amuzi chake. Tukiweka 72 hizo, na nyingine kama 34 zinazopotea inveta inapogeuza umeme, tunafika karibu 650 kwa siku. Hiyo ndiyo namba ya nyumba hii, na vifaa vyote vinapimwa kutoka kwenye namba hiyo.

Usiongeze pasi kwenye orodha. Pasi, jagi la umeme na hita ya maji ya kuoga vinakula wati 1,000 na kuendelea, hita hata zaidi ya 3,000. Mfumo wa kuvibeba hivyo ni mradi mwingine kabisa.

Friji ni suala la kukaa kitako. Friji dogo jipya lenye kompresa ya kisasa inaweza kula wati-saa 500 hadi 700 kwa siku. La zamani la mtumba linaweza kula mara mbili ya hapo. Maana yake friji moja zuri linakaribia kuifanya hesabu ya nyumba yetu nzima iwe mara mbili: paneli mara mbili, betri mara mbili. Kompresa ya kawaida nayo huvuta mkupuo mkubwa inapowaka, mara tatu hadi tano au zaidi ya wati zake, na inveta ndogo huzima papo hapo. Ukitaka friji, tafuta lile linalotumia umeme wa betri moja kwa moja, au lenye kompresa ya inveta. Kama ni la biashara ya samaki au vinywaji, hesabu faida yake kwa mwezi kabla ya kununua. Kama ni la maji baridi ya nyumbani tu, maoni yangu ni kwamba lisubiri awamu ya pili.

Kutoka matumizi hadi paneli

Wati zilizoandikwa kwenye paneli zilipimwa kiwandani chini ya mwanga mkali wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati lako saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi inayoongezeka inapunguza nguvu kwa kama theluthi moja ya asilimia. Ongeza vumbi, waya, na kinachopotea betri inapochajiwa, utaona kwa nini mafundi waangalifu huhesabu kwamba asilimia 30 itapotea njiani.

Jua nalo halina nguvu ile ile mchana kutwa. Ndiyo maana hutumika kipimo cha saa za jua kamili: jua lote la siku likikusanywa kana kwamba ni la mchana mkali. Kwa Kondoa na mikoa ya kati 4.5 ni hesabu ya tahadhari. Kwa Bukoba, Tukuyu au miteremko ya Kilimanjaro, ambako mawingu hukaa, tumia 3.5. Pimia mwezi mbaya, maana Agosti ya Dodoma haimsaidii mtu katika masika.

Sasa gawanya: 650 kwa 4.5 ni kama 144. Gawanya tena kwa 0.7, kufidia ile asilimia 30, unapata wati 206. Hicho ni kiwango cha chini kabisa cha kurudisha kilichotumika siku hiyo hiyo. Siku ya mawingu ikipita, siku inayofuata lazima paneli zirudishe deni la jana na kulisha la leo. Kwa hiyo nyumba hii ifunge wati 300, yaani paneli mbili za 150.

Betri, mahali fedha inapozama

Paneli nzuri hudumu zaidi ya miaka 20. Betri ndiyo inayokufa, na karibu kila mara inauawa, haifi kwa uzee.

Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, haipendi kukamuliwa. Ya volti 12 na Ah (amp-saa) 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu. Nyumba yetu inahitaji 650 kwa siku na akiba ya siku moja ya mawingu, jumla 1,300. Mara mbili yake ni 2,600, yaani betri ya Ah 200 na kidogo. Chukua ya 200.

Betri ya lithiamu, ile ya aina inayoandikwa LiFePO4, inakuruhusu kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuumia, na huchajiwa na kutumika maelfu ya mara, wakati ya risasi huchoka baada ya mamia. Ya Ah 100 inatoa kama wati-saa 1,000 za kutumia. Bei yake ya kununulia ni kubwa zaidi, lakini ukihesabu kwamba ya risasi utaibadilisha mara mbili au tatu kabla ya lithiamu kuchoka, lithiamu ndiyo nafuu. Kama unaweza kusubiri miezi michache ukajazia fedha, subiri ununue lithiamu yenye udhamini ulioandikwa.

Betri ya gari usiinunue kwa sola, hata kama N70 iko tayari na muuzaji anakuapia. Imetengenezwa na bamba nyembamba za kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache gari linapowashwa. Ikitolewa taratibu usiku kucha na kuachwa tupu, inaharibika ndani ya miezi.

Kuna kifo kingine cha betri ambacho hakisemwi vya kutosha: betri kubwa juu ya paneli ndogo. Mtu ananunua betri ya Ah 200 ili “ikae sana”, kisha anaiwekea paneli ya wati 100. Paneli hiyo inatoa amp 5 na ushee. Betri ya risasi ya ukubwa huo inataka amp 15 hadi 20 ili ifike kujaa. Isipojaa siku hata siku, bamba zake hupata ukoko mgumu wa chumvi ya risasi na uwezo wake unapungua usirudi tena. Paneli zetu mbili za 150 zinatoa kama amp 16, zinatosha.

Kontrola na inveta

Kontrola ndiyo inayosimamia umeme wa paneli usiiharibu betri. Ziko za aina mbili, PWM na MPPT, na hapa fedha nyingi inapotea kimya kimya. Siku hizi paneli kubwa za wati 550 zimeshuka bei, na watu wanazifunga kwenye betri ya volti 12 kwa kontrola ya PWM ya bei ya chini. Paneli hiyo hufanya kazi kwenye volti 41 hivi, ikitoa kama amp 13. Kontrola ya PWM huishusha hadi volti ya betri, tuseme 13. Amp 13 mara volti 13 ni wati 169. Umelipia 550, unapata 169. Na kabla haijapakiwa mzigo paneli hiyo inafika volti 50, zinazoweza kuiunguza kabisa kontrola ndogo. Paneli kubwa inahitaji MPPT, ambayo hubadilisha volti za ziada kuwa amp. Kwa paneli zetu za 150 za volti 12, zilizofungwa sambamba, PWM ya amp 30 itafanya kazi vizuri.

Angalia pia udanganyifu wa maandishi. Kuna kontrola nyepesi za plastiki zimeandikwa MPPT na si MPPT. Ya kweli ina koili ndani na bati nene la kupoozea mgongoni. Ukiishika unasikia uzito.

Kwa inveta, jumlisha wati za vifaa vitakavyowaka kwa pamoja. Televisheni, king'amuzi na subufa ni 70. Inveta ya wati 300 inatosha na inabaki na nafasi. Ya 2,000 haikupi umeme zaidi, inakula zaidi ikiwa haifanyi kitu. Chagua yenye wimbi safi, linaloitwa pyua sain, kwa sababu wimbi la kukatakata huzifanya spika zivume na kompresa zipate joto. Taa ziache nje ya inveta kabisa: nunua za volti 12 zinazoungwa kwenye kontrola, ili hata inveta ikizimwa au ikifa nyumba isiwe gizani. Ukivuka wati 1,000 za inveta, acha volti 12 na upange mfumo wa volti 24.

Dukani, nenda na tepu

Uwe Kariakoo au duka la wilayani kwako, beba tepu ya kupimia na ujue kuzidisha. Paneli za leo hutoa kama wati 200 hadi 230 kwa kila mita ya mraba. Ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13, yaani eneo la mita za mraba 2.58, sawa na wati 213 kwa mita. Sasa pima ile iliyobandikwa lebo ya wati 300. Ikiwa ina mita 1 kwa sentimita 67, eneo lake ni 0.67, na haiwezi kuvuka wati 150 na kidogo. Lebo inaweza kuchapishwa upya, eneo la paneli haliwezi.

Betri zipime kwa mizani. Ya jeli ya volti 12 na Ah 100 ina karibu kilo 30, na ya Ah 200 karibu kilo 60. Ukipewa ya “Ah 200” yenye kilo 35, hiyo ni 100 iliyovalishwa kasha kubwa. Lithiamu ni nyepesi, kilo 10 hadi 13 kwa Ah 100, kwa hiyo kwake mizani hukamata tu zile zilizo tupu sana ndani. Muhimu zaidi ni udhamini.

Omba paneli itolewe juani mchana na ipimwe kwa multimita. Ya wati 100 ya volti 12 ionyeshe kama volti 22 ikiwa wazi, na karibu amp 6 ncha zikiunganishwa kupitia mita. Paneli kubwa usizipime amp kwa mita ndogo ya amp 10, utaiunguza. Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa na namba yake, na tarehe ya udhamini iandikwe. Tafuta alama ya TBS. Muuzaji anayekasirika ukitoa tepu amekwisha kukujibu.

Kufunga

Mafundi wa kufunga umeme hupewa leseni na EWURA, na VETA imefundisha vijana wengi kazi ya sola. Unguja, chuo cha Barefoot pale Kinyasini kimewafundisha kina mama wa vijijini kufunga na kutengeneza sola. Muulize fundi akupeleke kwenye nyumba aliyofunga zaidi ya miaka miwili iliyopita, uzungumze na mwenye nyumba. Fundi mzuri hufurahia swali hilo.

Paneli zielekee kaskazini. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na kwa Kondoa jua la mchana huwa upande wa kaskazini tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kwa msomaji wa Lodwar au Moyale, kaskazini mwa ikweta, elekeza kusini. Zilaze kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo ni zaidi kwa ajili ya mvua iweze kuosha vumbi kuliko kwa ajili ya jua lenyewe. Kati ya bati na paneli acha nafasi ya sentimita 10 upepo upite. Skrubu ziingie kwenye papi au kenchi, zisiishie kwenye bati tupu, na kila tundu lizibwe kwa mpira na silikoni. Pwani tumia boliti zisizoshika kutu, kwa sababu chumvi haichelewi. Nyumba ya makuti au nyasi isibebeshwe paneli. Simika bomba la chuma pembeni. Nyuma ya kila paneli andika jina lako kwa rangi isiyofutika, na angalau boliti mbili zichomelewe au ziwe za kuzuia wizi.

Kivuli kitazame kwa siku nzima, asubuhi, mchana na alasiri. Vipande vya paneli vimeungwa kimoja baada ya kingine, na kivuli cha dishi la king'amuzi au tawi moja la mwembe kinaweza kupunguza nusu ya nguvu, ingawa kimefunika sehemu ndogo tu. Ama paneli ihame, ama tawi likatwe.

Waya ndipo mafundi wengi wanapobana matumizi, na hapa nakuomba ukaze. Umeme wa volti 12 hauvumilii waya mwembamba. Kutoka paneli hadi kontrola tuseme ni mita 10. Kwa amp 10, waya wa milimita 2.5 unapoteza volti 1.4 njiani, wa milimita 6 unapoteza kama 0.6. Kwa betri ya volti 12 tofauti hiyo inaamua kama itajaa au haitajaa. Nunua waya maalumu wa sola wenye ganda la kuhimili jua, mwekundu kwa chanya na mweusi kwa hasi. Kati ya betri na inveta waya uwe mfupi na mnene: milimita 10 kwa inveta ya wati 300, na kwa ya 1,000, inayovuta karibu amp 100, milimita 25 hadi 35.

Fyuzi iwekwe kwenye nguzo chanya ya betri, karibu kadiri iwezekanavyo. Betri ikipigwa shoti hutoa mamia ya amp kwa mara moja, na waya unawaka moto ukutani. Kwa inveta yetu fyuzi ya amp 40, na kwa kontrola ya 30 fyuzi ya 30. Sakiti breka ikitumika iwe ya umeme wa betri, yaani DC. Ya kawaida ya nyumbani imetengenezwa kwa umeme unaopita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana cheche yake huzimika. Cheche ya umeme wa sola haipati nafasi hiyo, inaendelea kuwaka ndani ya breka.

Mpangilio wa kuunga una mantiki yake. Betri iungwe kwanza kwenye kontrola, ili kontrola itambue volti ya mfumo, kisha paneli. Siku ya kufungua, paneli itoke kwanza. Inveta iungwe moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake. Kuiunga kwenye matundu ya taa ya kontrola huunguza kontrola. Halafu ingia kwenye mipangilio, uchague aina ya betri uliyonunua. Kontrola nyingi hukata umeme kwa volti 11.1. Kwa betri ya risasi hiyo ni kuchelewa mno. Pandisha iwe 11.8 au 12.

Betri ya maji isikae chumba cha kulala, maana inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Ikae kwenye kabati lenye matundu ya hewa, watoto wasiifikie. Inveta na kontrola zitundikwe wima ukutani, na matundu yao yawekewe wavu mwembamba. Mijusi na sisimizi hupenda joto la ndani, na mjusi mmoja akilala juu ya sakiti anaua kifaa kizima.

Kanda ya Ziwa, ambako radi ni nyingi, usiruke waya wa ethi. Fremu za paneli ziungwe kwa waya wa shaba hadi kwenye ethi rodi iliyozama udongoni mita moja na nusu, na kuwe na kizuia mkupuo kati ya paneli na kontrola.

Kwa mwenye TANESCO, jambo moja halina mjadala: usichomeke inveta kwenye soketi ya ukutani ili “ilishe nyumba”. Umeme huo hupanda hadi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi wa TANESCO anayetengeneza laini akiamini imezimwa. Fundi mwenye leseni afunge swichi ya kubadilishia, upande mmoja ukate kabisa kabla upande wa pili haujaingia.

Kuitunza

Osha paneli kwa maji matupu na sifongo, asubuhi mapema au jioni. Kumwagia maji baridi kioo chenye joto la saa saba kunaweza kukipasua. Kiangazi cha Dodoma kinataka kila wiki mbili hivi. Wakati wa masika mvua inakusaidia.

Betri ya maji ifunguliwe kila mwezi na kuongezewa maji ya betri yaliyotakaswa, kamwe si ya bomba wala tindikali. Soma volti alfajiri kabla jua halijatoka na vifaa vikiwa vimezimwa. Kwa betri ya risasi, 12.7 ni imejaa, 12.2 ni nusu, na 11.9 ni ishara kwamba jana mlitumia kuliko uwezo. Hiyo 11.9 ikijirudia siku tatu, punguza saa za televisheni kabla hujamwita fundi. Lithiamu haisomeki hivyo, volti yake hukaa karibu palepale hadi mwisho, kwa hiyo tegemea kipimo cha asilimia kilichomo.

Ukija kuongeza, paneli unaweza kuongeza wakati wowote kontrola ikiruhusu. Betri mpya usiiunge na kuukuu; kuukuu huivuta mpya hadi zilingane kwa ubovu.

Betri ya risasi iliyokufa haitupwi shimoni, haipasuliwi uani, na tindikali yake haimwagwi shambani. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyushia betri za zamani, watoto walikutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyeongoza wakazi kudai haki baada ya mwanawe kuathirika, alitunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri yako kuukuu irudishe kwa muuzaji unaponunua nyingine, ikiwa nzima na maji yake ndani, na umuulize inakwenda wapi.

Siku fundi anapomaliza, usimlipe salio papo hapo. Zima na uwashe kila kitu naye akiwapo, gusa kila kiungo cha waya baada ya nusu saa ya kutumia. Kinachochoma kidole kimelegea au waya wake ni mwembamba. Mwambie akuchoree mchoro wa mfumo, wenye unene wa kila waya, ukubwa wa kila fyuzi na mipangilio aliyoweka kwenye kontrola. Ubandike ndani ya mlango wa kabati la betri, kisha mlipe.